Kelele za barabara zipimwe kwenye ramani kabla ya ujenzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo linalosahaulika kila barabara kubwa inapopangwa: kelele za magari. Tukijadili mradi kama barabara ya haraka ya Kibaha–Chalinze, tunataja fidia na foleni, lakini usingizi wa watakaobaki kandokando hatuutaji.

Kelele hizo zinaweza kukadiriwa kabla greda halijaingia kazini. Wataalamu huweka kwenye ramani ya kompyuta njia ya barabara, miinuko ya ardhi na majengo, kisha idadi ya magari, mwendo wake na wingi wa malori. Programu hukokotoa desibeli zitakazofika kwenye kila nyumba na kuzionyesha kwa rangi. Magari yakiongezeka maradufu, kelele hupanda kwa desibeli 3 hivi.

Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2002, unazitaka nchi wanachama zichore ramani za kelele za barabara kuu kila baada ya miaka 5. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kelele za magari usiku zisizidi wastani wa desibeli 45.

Sheria yetu ya Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kabla ya mradi. Naziomba mamlaka ziambatanishe na tathmini hiyo ramani ya kelele, na kuibandika kwenye ofisi za vijiji na mitaa. Kusogeza njia mbali na shule au zahanati ni rahisi mchoro ukiwa bado mezani. Lami ikishamwagwa, wananchi watabaki na kelele hizo miaka yote.

Msomaji wako,
Kibaha, Pwani