Picha iliyowekwa mtandaoni bado ina mwenyewe

MNAMO Januari 12, 2010, saa chache baada ya tetemeko la ardhi kuliangusha jiji la Port-au-Prince, mpigapicha Daniel Morel wa Haiti aliweka kwenye mtandao wa Twitter, kupitia huduma ya TwitPic, picha alizokuwa amepiga katikati ya vifusi. Wakati huo ulimwengu ulikuwa haujaona picha nyingi za maafa hayo.

Mtu mmoja katika nchi jirani ya Jamhuri ya Dominika alizichukua na kuziweka kwenye ukurasa wake kana kwamba ni zake. Shirika la habari la Ufaransa, AFP, likazitoa huko na kuzisambaza kwa wateja, nayo kampuni ya Getty Images ikazisambaza Marekani. Zikachapishwa kwa jina la mtu ambaye hakuzipiga.

Cha ajabu ni kwamba AFP ndiyo iliyotangulia kwenda mahakamani, jijini New York mnamo Machi 2010, ikitaka itangazwe kuwa haikumkosea Morel. Ilishikilia kuwa kanuni za Twitter ziliruhusu picha zilizowekwa hadharani kutumiwa na wengine. Januari 2013, Jaji Alison Nathan aliikataa hoja hiyo. Novemba mwaka uo huo, jopo la raia waliosikiliza kesi liliamua kwamba AFP na Getty zilikiuka haki kwa kusudi, likaagiza Morel alipwe dola milioni 1.2 kwa picha nane.

Jaji alitenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Anayeweka picha mtandaoni huruhusu kampuni inayoendesha mtandao huo kuionyesha, na watumiaji wenzake kuisambaza mumo humo. Hajaruhusu mtu wa tatu kuichomoa na kwenda kuiuza. Mwenye nyumba anayewaachia wapita njia wapumzike barazani mwake hajawaambia waondoke na mikeka.

Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaitambua picha kuwa kazi ya sanaa, na haki ya mwenye kuipiga huanza pindi inapopigwa. Kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki nchini, KECOBO, si sharti, ingawa cheti husaidia kuthibitisha umiliki mzozo unapozuka. Hata hivyo, picha iliyopigwa kwa agizo la mteja, au na mwajiriwa akiwa kazini, huhesabiwa kuwa ya aliyeagiza au mwajiri, isipokuwa pande hizo zimekubaliana vingine. Mpigapicha wa harusi asiyeandikiana mkataba na mwenye sherehe huenda akajikuta hana cha kudai.

Kuna mwanya ambao vyombo vya habari huuegemea. Sheria inaruhusu kazi ya mtu itumiwe kwa kiasi cha haki katika kuripoti matukio ya sasa, mradi chanzo kitajwe. Ndipo lilipopata umaarufu neno “hisani” chini ya picha magazetini na kwenye tovuti. Lakini hisani ni wema anaoutenda mtu kwa hiari yake. Mpigapicha ambaye hakuombwa, hakujulishwa wala hakutajwa jina amemfanyia nani hisani? Kuandika kwamba picha imetoka “mtandaoni” hakutaji chanzo, sawa na mwizi wa kuku kusema alimpata sokoni.

Suala hili lilijidhihirisha Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha hadi baadhi yao wakaingia Bungeni mnamo Juni 25. Picha zilizosambaa X, TikTok na WhatsApp zilipigwa na waandishi wenye ajira, wapigapicha wa kujitegemea na waandamanaji wenyewe kwa simu. Picha ikishapita kwenye makundi kumi ya WhatsApp, jina la aliyeipiga huwa limekwisha kupotea, na mara nyingi hata maelezo ya siku na kamera yaliyofichwa ndani ya faili huwa yamefutwa. Ushahidi unaobaki ni faili halisi iliyo mikononi mwa mpigapicha, na wasioitunza ni wengi.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yalimpa mwenye kazi uwezo wa kumwandikia mtoa huduma za intaneti ilani, naye anatakiwa kuiondoa kazi iliyoibwa katika muda wa saa 48 za kazi. Hiyo ni afueni, ila haijazi mfuko. Kiasi alichotuzwa Morel kilitokana na sheria ya Marekani inayoruhusu hadi dola 150,000 kwa kila kazi iliyoibwa kwa makusudi. Kenya haina kipimo cha namna hiyo. Mlalamishi hulazimika kuthibitisha hasara aliyopata au malipo ambayo angetoza kama angeombwa ruhusa. Kwa picha ambayo ingeuzwa kwa shilingi elfu chache, ada ya wakili pekee hupita dai lenyewe.

Wakati huo huo, ruhusa wanayojipa wenye mitandao inazidi kupanuka. Kanuni za X zilizoanza kutumika Novemba 15, 2024 zinairuhusu kampuni hiyo kutumia yanayowekwa humo kufunzia mifumo ya akili mnemba, bila malipo. Uamuzi wa New York ulimkinga Morel dhidi ya mashirika ya habari yaliyozichukua picha zake. Haukugusa ruhusa aliyoipa kampuni ya mtandao wenyewe alipojiunga nao.