Wivu wa Fundi Hausemwi

Filamu bubu huzungumziwa mara nyingi kama mtoto ambaye bado hajajua kusema: tunamvumilia, tunacheka anavyoonyesha kwa mikono, huku tukingoja sauti ije. Toleo hili linakwenda kinyume na mtazamo huo. Viko visa ambavyo kimya kilivimudu kuliko sauti, na naamini kisa cha fundi mwenye wivu ndicho cha kwanza. Mwenye wivu hasemi kinachomuuma. Akikisema, kimeshakuwa shutuma au toba. Fundi naye amezoea kazi yake imsemee. Wakutanishe hao wawili ndani ya mtu mmoja, umnyime sauti, na mtazamaji hana pa kumtafuta isipokuwa mikononi mwake na kwenye chombo anachokitengeneza au kukiendesha.

D. W. Griffith aliligusa jambo hili mapema. Mwaka 1909, akiwa na kampuni ya Biograph, alitoa The Violin Maker of Cremona, iliyotokana na tamthilia ya Mfaransa François Coppée: mafundi wawili wa fidla, binti wa bwana wao (Mary Pickford, akiwa bado msichana) na shindano ambalo mshindi wake humpata binti huyo. Fidla pale si ala tu, ni ushahidi wa mapenzi. Lakini hiyo ni filamu ya robo saa hivi, na wivu hauivi kwa robo saa.

Abel Gance aliupa muda. La Roue, yaani Gurudumu, ilipoonyeshwa Paris Desemba 1922 ilikaribia saa nane. Sisif, dereva wa treni, anamwokoa mtoto katika ajali ya reli na kumlea kama bintiye. Norma anapokuwa mwanamwali, Sisif anagundua kwa hofu kwamba mapenzi yake kwake si ya baba tena. Mwanawe Elie, fundi wa fidla anayeisaka siri ya vanishi ya mafundi wa kale wa Italia, naye anampenda. Kwa kuwa anaamini ni dada yake, anafumba mdomo. Kisha Hersan, mtu wa cheo katika reli, anaijua siri ya Sisif na kuitumia kumuoa Norma. Tazama sasa wivu huu unavyoelezwa. Sisif mwenyewe ndiye anayeendesha treni inayompeleka Norma Paris kuolewa. Uso wake hausemi mengi. Yanayosema ni wenzo wa mvuke, moto wa tanuri, moshi, reli zinazokimbia. Picha zinazidi kufupishwa mpaka tunaelewa, bila kuambiwa, kwamba mtu huyu anataka kuiangamiza treni pamoja na abiria wote. Ustadi uleule uliompa heshima kazini umegeuka silaha. Baadaye, milimani karibu na Mont Blanc, Elie ananing'inia kwenye ukingo wa jabali baada ya kupigana na Hersan, na sura za Norma zinampitia kwa kasi, hadi fremu mojamoja, kabla hajaanguka. Fremu moja ni sehemu ndogo mno ya sekunde. Hakuna mwigizaji awezaye kutamka neno katika muda huo.

Watakaopinga watauliza: kimya gani hicho, ilhali La Roue imejaa maandishi? Ni kweli. Gance alipenda vitabu kupita kiasi, na nukuu alizozitandaza kwenye skrini mimi ningezifuta nusu yake bila majuto. Lakini picha zinapofikia kasi ya mwisho, maandishi hayana pa kukaa, na hapo ndipo filamu ilipo na nguvu kuliko popote. Muziki nao ulikuwepo, kwa mkono wa Arthur Honegger. Ila muziki hauvujishi siri ya mtu. Pingamizi zito ni la Norma. Ivy Close anamwigiza kwa uso ulio hai, lakini hakupewa chombo wala ufundi, na katika hadithi inayozungumza kwa vyombo, asiye nacho anabaki kutazamwa na kugombewa. Hapo nakubali: kimya hiki kiliwahudumia wanaume zaidi.

Dosari hiyo, hata hivyo, ni ya aliyegawa vyombo, sauti isingeiponya. Kwa miaka mingi La Roue ilihukumiwa kwa matoleo yaliyokatwakatwa. Mwaka 2019 Fondation Jérôme Seydoux-Pathé ilitoa toleo lililorejeshwa, la karibu saa saba, lenye utangulizi na sehemu nne. Msomaji, usilitazame kwa mkupuo. Ligawe kwa jioni nne. Kisha utuandikie, ukituonyesha tukio hata moja ambalo sauti ya Sisif ingeliongezea kitu.