Vidole vya mpiga gitaa visiuzwe kwa lumbesa

Mkulima wa mpunga wa Kahama hahitaji kuelezwa lumbesa ni nini. Ni lile gunia lililovalishwa kilemba, ambalo mnunuzi analiita gunia moja na kulilipia bei ya gunia moja, wakati mwenye shamba anajua jasho lililomo ndani ni la gunia moja na nusu. Serikali imepiga marufuku, Wakala wa Vipimo wanahimiza mizani, na bado mchezo unaendelea pale ambapo mkulima ana shida ya haraka. Lakini lipo zao jingine wilayani humo linalouzwa kwa lumbesa bila mtu wa kulisemea. Zao hilo ni filamu ya mtu anayepiga gitaa.

Biashara yenyewe si ngeni. Kwa miaka mingi vijana wa mjini Kahama wamekuwa na meza za CD na DVD, spika moja mlangoni na kompyuta moja ndani. Leo diski zimepungua sana, wateja wengi wanataka wajaziwe flashi au kadi ya simu. Hata hivyo kijijini, ambako mtandao ni wa kubahatisha na bando ni ghali, mkulima mwenye televisheni ya sola bado anapenda kuwa na kitu chake mkononi, akichomeke na kukiangalia usiku na jirani zake. Kwa hiyo inapotajwa DVD hapa, isomeke kuwa ni filamu yoyote inayouzwa ikiwa ndani ya kitu cha kushika, iwe diski, flashi au kadi.

Video za nyimbo za Kisukuma ndizo zinazotembea zaidi. Mara nyingi ndani yake gitaa la umeme ndilo linalobeba wimbo mzima, lakini kamera huwafuata wachezaji, magauni ya sare na gari la kuazima. Mpiga gitaa huonekana sekunde chache, tena kwa mbali. Kwa mtazamaji wa kwenye bukwilima hilo halina tatizo, yeye anataka kucheza. Lakini yupo mteja wa aina nyingine, naye amesahauliwa: yule aliyenunua gitaa lake la kwanza, au anayelipenda tu, ambaye anataka kuviona vidole. Anataka ajue mkono wa kushoto umekaa wapi, kidole gumba cha kulia kinafanya nini, na nyuzi zimefungwa kwa sauti gani.

Mteja huyo yupo dunia nzima, na analipa. Nchini Marekani, Stefan Grossman alijifunza gitaa akiwa kijana kwa Gary Davis, mhubiri kipofu aliyekuwa akipiga mitaani New York na kufariki mwaka 1972. Baadaye Grossman alijenga biashara nzima ya kuuza masomo ya gitaa na filamu za wapigaji wakongwe. Nyingi kati ya filamu hizo zina mzee mmoja, kiti kimoja na gitaa kavu. Hakuna wachezaji wala gari. Watu wazima wenye kazi zao wamekuwa wakizinunua, wanazirudisha nyuma mara hamsini, wanajaribu tena.

Katika orodha ya biashara hiyo imo filamu iitwayo African Guitar. Ni mkusanyo wa picha zilizopigwa kati ya mwaka 1966 na 1993 na Gerhard Kubik, mtafiti wa muziki kutoka Austria, akiwafuata wapigaji huko huko waliko. Yumo Daniel Kachamba wa Malawi, yumo Faustino Okello wa Uganda, wamo wengine wa Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Namibia na Zambia. Tanzania haimo katika nchi zilizotajwa kwenye jalada. Nchi iliyokuwa na bendi za magitaa hadi za wilayani, na iliyozungukwa na Malawi, Zambia, Uganda na Kongo, ikarukwa.

Jirani aliye karibu zaidi na masikio ya watu wa Kahama katika mkusanyo huo ni Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 1990. Huyu aliimba Kiswahili. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka na mitambo yake ya kurekodi, alimkuta Jadotville, mji ambao sasa unaitwa Likasi, akamrekodi. Kipande chake cha Masanga kikasafiri kuliko yeye mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa Nairobi, ana kipindi redioni, na vijana wa Kenya wakamwiga kila alichofanya. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Kisha mwaka 1979 Mwingereza aitwaye John Low akafunga safari hadi Lubumbashi ili akae mbele yake na kujifunza jinsi kidole gumba na kidole cha shahada tu vinavyoweza kutoa sauti ya watu wawili.

Mwanauchumi analazimika kusimama hapo. Mtu anaacha kazi zake Ulaya, analipa nauli hadi mji wa migodi katikati ya Afrika, kwa sababu kuisikia santuri hakukumtosha. Sauti alikuwa nayo tayari. Alichokifuata ni kuona. Ndiyo tofauti ya thamani kati ya wimbo na filamu ya mpigaji, kama ilivyo tofauti kati ya pamba mbegu na kitambaa. Mkulima wa kanda hii anaijua hadithi hiyo vizuri kuliko angependa: sehemu kubwa ya pamba yake inasafirishwa ikiwa nyuzi tu, na shati linarudi kwa bei ya shati. (Bahati mbaya Kiswahili kinaita nyuzi vyote viwili, vya pamba na vya gitaa.)

Tanzania ilibaki na sauti. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi kwa miongo kadhaa, na hilo ni jambo la kushukuru. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, aliyekwenda na bendi hiyo kwenye maonesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, na kufariki Januari 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya, anasikika hadi leo kwenye mabasi. Western Jazz ilibeba jina la Jimbo la Magharibi, ambamo Kahama ilikuwamo wakati wa mkoloni. Tabora Jazz ilikuwa mwendo wa saa chache tu kutoka hapa. Kijana anayetaka kupiga solo kama walivyopiga hao hana pa kuangalia, anabaki kukisia kwa sikio. Filamu ya Wahenga ya mwaka 2018, ya Amil Shivji na Rebecca Corey, ilifanya kazi nzuri ya kukumbusha kwamba wanamuziki wa zilipendwa ni watu wenye historia. Lakini hiyo ni habari zao. Somo la vidole ni bidhaa nyingine, na wenye kulitoa wanazidi kuzeeka.

Sasa, mwenye kamera wa Kahama, ambaye anaishi kwa kupiga harusi na vipaimara, anaweza kuitengeneza bidhaa hiyo. Kamera anazo, kompyuta ya kuhariri anayo. Kinachoharibu ni namna anavyokubaliana na mpigaji. Kwa kawaida ni kwa mdomo: mzee chukua hii ya soda na nauli, tutaonana. Hapo mizani haipo. Zikiuzwa nakala kumi au elfu kumi, mpigaji amekwisha kulipwa gunia lake moja. Naye, kama mkulima aliyeuza mpunga ukiwa bado shambani, anakubali kwa sababu ada ya shule ni Jumatatu.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haimtambui mtunzi peke yake. Mpigaji naye ana haki katika upigaji wake, na kumrekodi kunahitaji ridhaa yake. Makubaliano ya ukurasa mmoja yanatosha kuanzia: nani amepigwa picha, vipande vipi, nakala ngapi, kila nakala anapata shilingi ngapi, na nani anaweka daftari la mauzo. Kama nyimbo ni za mtunzi mwingine, ridhaa ya mtunzi itafutwe pia. COSOTA ipo kwa kazi hiyo, ingawa lazima isemwe kwamba kwa mtu wa Msalala au Ushetu ofisi yenyewe iko mbali na nauli ni yake.

Wenye meza wana pingamizi, na si la kupuuzwa. Wanasema mtu akiuza diski moja asubuhi, jioni imeshaingia kwenye kadi za simu mia. Stempu za TRA zilizoletwa mwaka 2013 kwa ajili ya bidhaa za filamu na muziki ziliongeza gharama ya muuzaji mwaminifu, huku anayejaza kadi akiwa nje ya hesabu. Ni kweli. Ndiyo maana hesabu ifanywe kwa kiasi, bila ndoto za mamilioni.

Tuseme, kwa mfano tu, kupiga picha siku moja kwa kamera mbili ni Sh200,000, kurekodi sauti Sh100,000, kuhariri Sh150,000 na posho ya mpigaji Sh100,000. Hizo ni Sh550,000 kabla ya kuuza chochote. Nakala moja igharimu Sh1,000 kuitengeneza pamoja na jalada, iuzwe Sh5,000, na mwenye meza abaki na Sh1,000. Kila nakala inarudisha Sh3,000. Inabidi ziuzwe nakala 184 ndipo gharama irudi. Zikifika 300 panabaki Sh350,000 za kugawana, kabla ya stempu na kodi. Si utajiri huo. Ni kama faida ya ekari ndogo ya mpunga mwaka wa mvua nzuri, na ikipungua chini ya nakala 184 ni hasara kama hasara nyingine ya shambani. Lakini kuna tofauti moja: ekari hulimwa upya kila mwaka, wakati filamu hiyo ikishahaririwa inaweza kuchapwa nakala nyingine mia mwakani kwa gharama ya nakala tu.

Pia mteja wa somo si sawa na mteja wa wimbo. Anayetaka wimbo anaridhika na kipande kilichojazwa haraka haraka. Anayejifunza anataka picha safi, sauti safi, mahali palipopunguzwa mwendo, na maelezo ya mzee mwenyewe kwa Kiswahili au Kisukuma. Wizi hautakwisha, ila mteja huyu ana sababu ya kununua nakala nzima, na anaweza kulipa kabla. Wanafunzi wa gitaa wa kwaya za makanisa peke yao ni soko ambalo hakuna aliyelihesabu.

Suala la msimu nalo ni muhimu. Fedha Kahama, ukiacha mishahara na migodi, huonekana mpunga na pamba vinapouzwa. Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kumaliza uchimbaji mwaka 2021, na wafanyabiashara wengi wa mjini walionja maana ya kutegemea mshahara wa mtu mmoja mkubwa. Msimu wa mavuno hurudi kila mwaka, hata ukiwa mwembamba. Nakala ziwe mezani ifikapo Juni, harusi zinapoanza. Maana yake kamera ifanye kazi Februari na Machi, wakati wapiga picha wengi hawana harusi na bei zao zinajadilika. Mzee mpigaji naye pengine yuko shambani anapalilia, hivyo afuatwe nyumbani kwake kwa siku aliyoichagua yeye, mapema asubuhi. Mvua ya alasiri ikipiga juu ya bati, sauti ya gitaa kavu haipatikani tena siku hiyo.