Tusiwatenganishe Malenga na Mwimbaji

Mwalimu wa Kiswahili anapofundisha Malenga wa Mvita, diwani ya Ahmad Nassir Juma Bhalo iliyochapishwa mwaka 1971 kwa uhariri wa Shihabuddin Chiraghdin, hufanya kile tulichozoezwa sote: huhesabu mizani, hutafuta vina, hutaja bahari, kisha hufunga kitabu. Sisemi kwamba hayo hayafai. Ninalolalamikia ni kuwa mwanafunzi huondoka darasani akiamini kwamba malenga huyu alikuwa mtu wa kalamu na karatasi tu, ilhali tungo zake nyingi zilifika kwa watu kupitia koo la mtu mwingine.

Mtu huyo ni Mohamed Khamis Juma Bhalo, mwimbaji mashuhuri wa taarabu aliyefariki mwaka 2014. Walikuwa wa ukoo mmoja, mmoja akitunga na mwingine akiimba. Ushirika wao wastahili kuchunguzwa kwa makini kuliko tunavyofanya. Tuni nyingi za Juma Bhalo zilitokana na filamu za Kihindi, na mtunzi anayetia maneno katika tuni ya namna hiyo hufungwa kamba mbili. Upande mmoja ipo arudhi, yenye mshororo wake wa mizani kumi na sita. Upande wa pili ipo sauti inayopanda na kushuka pasi na kujali arudhi hiyo. Ni lazima basi amjue mwimbaji wake: wapi huvuta pumzi, irabu ipi huirefusha, neno gani litamkwama ulimini. Mwimbaji naye ni lazima alielewe fumbo kabla hajalifikisha kwa wasikilizaji ambao, kwa desturi ya Mombasa, husikiliza ili wajue limempata nani. Nikiulizwa katika kazi kama hiyo mtunzi anaishia wapi na mwimbaji anaanzia wapi, sitathubutu kuchora mpaka.

Kisha ikaja kaseti. Duka la Mbwana Radio Service la Mombasa lilirekodi taarabu kwa miaka mingi na kuziuza kanda zake, na hapo wimbo ulioimbwa arusini usiku mmoja ukaweza kuvuka bahari. Mtu asiyejua kusoma, ambaye hangeinunua diwani abadan, aliyahifadhi mashairi moyoni kwa kuirudisha kanda nyuma mara kumi. Naamini kwamba chombo hicho kiliutumikia ushairi wa Kiswahili kuliko mitaala mingi (wenzangu wa idara za fasihi waniwie radhi). Hata hivyo, aliyenakili kanda nyumbani kwake hakumpa mtunzi wala mwimbaji hata thumni.

Mimi ni mwanaisimu, na kwangu kanda hizo ni hazina ya aina yake. Maandishi yetu sanifu yana herufi t moja. Mvita anaposema kuteka kwa maana ya kucheka, ulimi wake hugusa meno. Anaposema kuteka maji, huugusa ufizi. Paa wa mwituni hutamkwa kwa pumzi, paa la nyumba bila pumzi. Kitabu hakiwezi kumwonyesha haya mwanafunzi wa Kakamega au Nyeri, lakini sauti ya Juma Bhalo yaweza kumfunza kwa dakika tano.

Lipo jambo jingine linalonishughulisha. Katika miaka yake ya mwisho Juma Bhalo aliacha kuimba, akaielekea dini. Yeye alinyamaza, kanda hazikunyamaza. Ziliendelea kuimba mapenzi madukani na magarini, na sasa zaimba katika simu za vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati wa fahari yake. Zamani msanii aliyetubia aliondoka na sauti yake. Leo mashine humwimbisha hata asipotaka, na sijaona bado sheria wala adabu inayotuelekeza tumtendee vipi. Wanafunzi wangu hugawanyika vibaya ninapowauliza swali hili, na sijawahi kufaulu kuwapatanisha.

Kwa walimu ombi langu ni dogo: kabla ya kugusa mizani, wapeni wanafunzi wimbo wausikilize. Kisha waandike maneno wanayoyasikia, wayalinganishe na ya wenzao, wabishane. Atakayetaka mahali pa kuanzia ataupata mfululizo wa Zanzibara, ambao juzuu yake ya pili imekusanya taarabu ya Mombasa ya kati ya 1965 na 1975. Ulitolewa Ufaransa.

Nyingine nyingi zimo makabatini mwa watu, katika nyumba za Mji wa Kale na kwingineko pwani, zikiliwa na joto na chumvi. Vyuo vyetu vina vinasa sauti, vina kompyuta, vina wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada. Nauli ya kwenda Mombasa si kubwa.