Siku Moja Haitoshi

Mwezi wa Agosti hapa Mokambo, alfajiri twajifunika blanketi, na saa 8 mchana twatafuta kivuli. Sababu kubwa ni hii: anga halina mawingu. Mchana jua hutuchoma. Usiku joto la ardhi hupanda juu pasipo kizuizi.

Lakini siku moja haitufundishi majira. Apandaye mahindi kwa kuiamini mvua moja ya Septemba hupoteza mbegu, kwani mvua za Katanga hazitulii mpaka Novemba.

Basi, enyi wanafunzi, andikeni kila siku katika daftari: tarehe, baridi ya asubuhi, upepo, mvua. Baada ya miaka 10 mtazilinganisha tarehe kwa tarehe, na baba hatatoa mbegu ghalani kwa kudanganywa na wingu moja.