Rangi ya Mkono kwa Jedwali la Chama ni Siasa Tupu

Wadau, leo naongea na wale wako na chama. Kama mweka hazina wenu hupaka rangi kwa mkono kwa jedwali la michango, yaani anaketi mwisho wa mwezi na kuchagua nani awe mwekundu, basi hiyo si rekodi. Ni maoni yake.

Kwetu tuko watu 24, kila mtu 500 kwa mwezi. Kuna mwezi watatu hawakulipa. Mmoja akapakwa nyekundu mstari mzima, wawili wakabaki weupe. Tulipouliza, jibu likawa: "Hao si nawajua, watatuma tu." Yule mwekundu alikuwa mgeni, hana beste pale. Picha ya jedwali aliiona kwa WhatsApp kama sisi wote, na tangu siku hiyo akanyamaza kwa grupu. Hakuna mtu aliiba hata shilingi, lakini vyama vingi huanza kufa hivyo, bana.

Msimamo wangu: rangi ipakwe na sharti, si mtu. Excel na Google Sheets zote zinaweza. Tuseme majina yako safu A, michango safu D, na watu wanaanza mstari wa 2. Chagua kuanzia A2 mpaka F25, fungua Conditional formatting, chagua kutumia fomula yako mwenyewe, halafu andika:

=$D2<500

Chagua nyekundu, basi. Kazi yote inafanywa na hiyo alama ya dola. Ukiitoa ubaki na D2 tupu, seli ya A itaangalia D, ya B itaangalia E, ya C itaangalia F, na utapata viraka badala ya mstari. Ukiweka mbili, $D$2, watu wote 24 wanahukumiwa kwa mchango wa yule wa kwanza kwa orodha: akilipa wote weupe, asipolipa wote wekundu. Dola moja mbele ya herufi inasema hivi: usitoke safu D, lakini kila mstari ujibu kivyake. Nimesoma katiba za vyama ambazo haziko fair hivyo, lakini tuendelee.

Kuna mwanya. Mtu akiandika "200 bob" badala ya 200, programu inaona maandishi, na kwake maandishi ni makubwa kuliko nambari yoyote. Kwa hivyo huyo wa "200 bob" anapita kama amemaliza. Tena, mistari ya chini ambayo bado haina jina inawaka nyekundu, kwa sababu seli tupu inahesabiwa sifuri. Hii inaziba zote mbili:

=AND($A2<>"",N($D2)<500)

Hiyo N hugeuza maandishi kuwa sifuri. Ndiyo, aliyeandikiwa "500 bob" atawaka pia, lakini huyo atalalamika mwenyewe na itarekebishwa. Wa 200 hangelalamika.

Najua kuna mtu tayari anaandika: na msee amepoteza job, sasa kompyuta imwaibishe mbele ya watu? Swali la haki kabisa. Mimi sipingi huruma, napinga huruma ya kichwani mwa mtu mmoja. Wekeni safu F, na kikao kikikubali mtu asubiriwe, iandikwe hapo "amepewa muda". Halafu ongeza sharti lingine, rangi ya bluu nyepesi:

=$F2="amepewa muda"

Liweke juu ya lile la nyekundu, kwa sababu masharti mawili yakigongana la juu ndilo hushinda. Na andikeni maneno hayo vilevile kila mara, herufi moja ikipotea halishiki. Hapo mgeni na beste wa mweka hazina wanaomba muda kwa mlango mmoja, na wote 24 wanajua nani amepewa.

Kitu kimoja zaidi. Fomula yenyewe iandikwe pembeni, tuseme seli ya H1, ukianza na alama ya ' ndio ibaki maandishi. Kila mwenye linki asome sharti linalompaka rangi. Mweka hazina akikataa hiyo, muulizeni kwa kikao, si inbox.