Kazi za Mikono: Matundu Ndani ya Chuma

Msomaji wetu mmoja wa Baraka atuuliza swali lililotupendeza. Puli ya mashine ya kusagia mihogo, iliyosubiwa upya na fundi wa mjini, imevunjika kabla ya mwezi kwisha. Na palipovunjika pameonekana matundu matundu, kama ndani ya andazi. Je, chuma kilikuwa kibovu?

Twamjibu kwamba yaelekea chuma hakina hatia. Kosa lilitiwa mapema, katika mchanga au katika umbo la kalibu.

Kusubu si kazi ya wahunzi wa kale. Wao walitoa chuma katika mawe kwa mkaa na mivukuto, lakini hakikuwa maji. Kilitoka bonge, wakalifua kwa nyundo hata likawa jembe. Anayesubu humimina chuma kilicho maji ndani ya kalibu ya mchanga. Chuma safi huyeyuka kwenye digrii 1,538. Kile cha kusubu, kama cha drami za breki za malori, chenye kaboni nyingi, huyeyuka karibu na 1,200. Alumini huyeyuka kwenye 660 tu, ndiyo sababu mafundi wa sufuria huipenda. Lakini mchanga hauna huruma kwa yeyote kati yao.

Adui mkubwa ni maji. Mchanga wa ufukoni mwa Tanganyika, uliooshwa na mawimbi, haushikani wenyewe. Yapasa kuuchanganya na udongo wa mfinyanzi kidogo, na maji machache. Hapo ndipo fundi mvivu huponzwa: aona mchanga wabomoka, naye aongeza maji badala ya udongo. Basi maji yakiguswa na chuma cha moto hugeuka mvuke, na mvuke hutaka nafasi mara 1,600 na zaidi kuliko maji yenyewe. Ukikosa njia ya kutokea, huingia katika chuma na kufungwa humo.

Jaribio lake ni rahisi. Twaa konzi ya mchanga, ubane, kisha ufungue mkono. Alama za vidole zikikaa, na bonge likivunjika safi pasipo kuchafua kiganja, mchanga ni mwema. Likibomoka lenyewe, udongo au maji ni haba; likinata, maji yamezidi. Ukisha kuushindilia (si kupita kiasi, maana mvuke hauna budi kupenya) toboa juu yake vijitundu vyembamba kwa spoku ya baiskeli, bila kuifikia sura ya kitu. Na kile kiini cha mchanga kiachacho tundu la katikati ya puli kikaushwe kwa moto kabisa.

Lakini msomaji wetu aitazame tena puli yake. Matundu ya mvuke huwa mviringo na laini ndani. Kama ni makwaruzo yenye meno, nayo yako penye unene, karibu na ekseli, hayo si ya mvuke. Chuma kikipoa hunywea. Penye wembamba huganda kwanza, na penye unene hubaki na njaa. Dawa yake ni kuweka karibu na hapo tundu la akiba, pana na lenye kina, likae na chuma cha maji hadi mwisho na kulisha mahali hapo.

Mavi ya chuma yaondolewe kabla ya kumimina, na kumimina kusikatizwe, maana chuma kilichopoa hakiungani tena na wenzake.

Mchanga uliolowa huweza pia kurusha chuma cha moto usoni pa mtu. Vivyo hivyo kipande chenye maji kikitiwa chunguni. Watoto wasisimame hapo kutazama.

Tumesikia pia ya mafundi wazibao matundu kwa gundi na kupaka rangi. Huo si ufundi. Ni kuivunja amri ya saba. Puli izungukayo kwa kasi ikipasuka, vipande vyake humrukia msagaji, na mama aliyejitwika mihogo kutoka mbali arudi bila unga. Kabla ya kununua, itundike kwa kamba na kuigonga: yenye ufa hutoa sauti iliyokufa, kama kengele iliyopasuka.

Vipande vya puli ile visitupwe. Fundi aweza kuviyeyusha tena, ila safari hii aanze kwa kuukagua mchanga wake.